Msimu Mzima kwa Leseni ya Mwenzangu

Nilicheza mpira miaka kumi na tatu, beki wa kati, jezi namba tano, na hakuna gazeti lililowahi kuandika jina langu. Nasema hilo mapema ili mtu asije akasoma mpaka mwisho akitegemea kukuta kombe. Kombe halipo. Ipo kazi niliyoifanya vizuri kuliko mtu yeyote katika mkoa huu, na yupo mtu mwingine aliyepigiwa makofi kwa ajili yake.

Leo nina mashine za kusaga na malori hapa Kibaigwa, na vyote nimevipata kwa mikono hii, bila baba mwenye duka wala mjomba mwenye ofisi. Darasa la saba nililimaliza kwa kulazimishwa. Wapo wasomi wanaosimama mlangoni kwangu na kuniamkia shikamoo kabla sijageuza shingo. Kwa hiyo siandiki haya kwa njaa. Naandika kwa sababu yamenikaa kifuani na mke wangu amechoka kuyasikia.

Nilizaliwa kwenye vilima vya Kibakwe. Kule ukipiga mpira vibaya unaufuata bondeni nusu saa, na wenzako wanakusubiri juu huku wanakutukana. Ndiyo maana sisi wa kule hatukubutua ovyo. Baba yangu alilima maharage na vitunguu, na mpira aliuona kama kazi ya watu wasio na shamba. Nilipomuaga kwenda Mpwapwa kuchezea timu ya mjini, alisema sawa, lakini jembe langu niliache palepale ukutani, nitalikuta.

Mpwapwa nilikaa misimu miwili, halafu shirika moja la umma la Dodoma mjini likaniona. Enzi zile kila shirika lilikuwa na timu, na mchezaji aliandikiwa kazi. Mimi niliandikiwa ulinzi wa ghala. Ghala lenyewe sikulilinda hata siku moja, nililinda goli. Asubuhi tunasaini, mchana tunakula, jioni mazoezi. Daraja la pili, viwanja vya vumbi, lakini mshahara ulikuja kila mwezi na nilikuwa na kitanda cha chuma chenye godoro.

Acha nieleze nilivyocheza, maana hakuna mwingine atakayeeleza. Sikuwa na mbio. Walionidharau walianzia hapo, na wengi walikuja kujuta. Mshambuliaji anakudanganya kwa miguu, kwa macho, hata kwa mikono, lakini kiuno chake hakijui kudanganya. Mimi nilikuwa naangalia kiuno. Kikigeuka, nimeshafika. Halafu kuna upepo. Mwezi wa nane Dodoma upepo unaukamata mpira wa juu na kuurudisha ulikotoka, na mabeki wa pwani walikuwa wanaruka wanakosa, wanabaki wanaangalia mawingu. Mimi nilihesabu upepo kama mtu anavyohesabu hatua zake nyumbani kwake. Nilicheza na watu waliokuja kuwa wakubwa, na hakuna aliyenipita mara mbili kwa njia ileile.

Kisha likaja soko huria. Walibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, na watu wakawa wanaisoma kwa kidole. Shirika linapunguza wafanyakazi. Baadaye tukaambiwa halipunguzi tena, linauzwa. Timu ilikufa wiki hiyohiyo. Kipa wetu akaanza kuuza mitumba, winga wa kulia akarudi kwao kuchunga, na mimi nikabaki na daluga zangu za kuchezea na godoro, maana kitanda walikichukua.

Ningeweza kuhamia timu nyingine, na zilinitaka. Lakini huwezi kuhama bila barua ya kuruhusiwa kutoka timu yako ya zamani, yenye saini ya katibu na muhuri. Katibu alikuwa ameshapanda treni kwenda kwao Kigoma. Muhuri niliambiwa uko kwenye droo ya meza, na meza imeuzwa. Nilimfuata aliyeinunua, mwenye duka la vitambaa barabara ya sokoni, mzee wa Kihindi mpole sana. Akanifungulia droo zote tatu mwenyewe. Tulikuta pini na ganda la karanga. Nikaenda ofisi ya mpira ya mkoa, nikaeleza kwamba timu yangu imekufa. Karani akaniambia hata kama imekufa, iandike barua.

Basi nikawa mchezaji wa timu isiyokuwepo. Miaka miwili nilicheza ndondo, mechi za kushindania mbuzi, ambako hakuna anayeuliza leseni: Kongwa, Gulwe, mpaka Manyoni. Nilikula nyama nyingi. Lakini hakuna kocha anayekuja kutafuta mchezaji kwenye mechi ya mbuzi, na miguu ilikuwa inazeeka huku akili inazidi kukomaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: nilikuwa beki bora kabisa katika miaka ambayo nilikuwa sihesabiki.

Kibaigwa ndipo waliponiokota. Wakati huo mahindi yalikuwa yameachiwa huru. Mtu ambaye zamani angekamatwa na gunia tano barabarani na kuitwa mlanguzi, sasa alikuwa anaitwa mfanyabiashara na kukaribishwa kiti cha mbele kwenye mikutano. Malori yalipanga foleni barabara kuu, na wafanyabiashara wakataka timu yao. Mfadhili alikuwa mtu wa Mpwapwa, wa familia za zamani za mjini zilizofanya biashara tangu enzi za misafara, kofia safi kichwani kila siku hata katikati ya vumbi la pumba. Aliniona nikicheza mechi ya mbuzi, akaniita pembeni. Nikamweleza habari ya barua. Akacheka mpaka akafuta macho.

"Wewe cheza," akasema. "Leseni ni kazi yangu."

Leseni aliyonipa ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mke wake. Naye alikuwa beki, beki wa kawaida tu, na goti lake lilivunjwa na gunia lililodondoka kutoka juu ya lori. Asingecheza tena, lakini alikuwa ameandikishwa kihalali na leseni yake ilikuwa hai. Picha ilikuwa imefifia, uso kama kiazi kilichochomwa. Angeweza kuwa mimi, wewe, au babu yangu. Mchezaji wa namna hiyo anaitwa mamluki. Kila timu ilikuwa na wawili watatu, na kila timu ililalamika juu ya mamluki wa wenzake.

Shida ilikuwa ukaguzi. Kabla ya kila mechi tulipanga mstari, refa anashika leseni, anaita jina, unatoka hatua moja mbele na kutaja majina yako yote matatu, mwaka uliozaliwa na mahali. Ukikwama, unatolewa. Kwa hiyo ilibidi nijifunze kuwa yule mtu. Alinifundisha mwenyewe uani kwake, kakaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha kama ufagio, huku mke wake anapepeta.

"Baba yangu jina lake ndiyo hilo," aliniambia. "Usimkosee. Marehemu, lakini ana hasira."

Nikamuuliza kama haoni vibaya mtu kutumia jina lake.

"Tumia, kaka. Sijawahi kulichezea vizuri mimi mwenyewe."

Alikuwa mtu mwema. Sina neno naye mpaka leo, na kwa mtu kama mimi kusema hivyo siyo jambo dogo.

Tukaanza ligi ya mkoa. Nitasema tu kwamba makipa wote wa timu yetu walinenepa msimu ule kwa kukosa kazi. Mechi ya tatu, wapakiaji wa magunia, watu wenye mabega kama milango, walianza kuimba jina langu. Yaani jina lake. Nikikata mpira, wanalitaja. Nikiruka juu ya mtu, wanalitaja tena, na wanalivuta mwishoni kama wanavyovuta gunia. Na mwenyewe alikuwa amekaa mbele yao na fimbo yake, anasikiliza. Mara moja nilimwona amenyanyua mkono kidogo, kama mtu anayeitikia salamu. Nikacheka siku ile. Mechi ya sita sikucheka. Mechi ya tisa mtu mmoja alinishika mkono sokoni, akaniambia mwanawe aliyezaliwa juzi amempa jina langu kwa heshima ya kazi yangu. Nikamwambia asante. Nilikwenda nikakaa nyuma ya magunia peke yangu, mtu mzima, sijui kwa nini.

Mechi ya mwisho ilikuwa Dodoma mjini, uwanja umejaa. Mshindi anapanda daraja. Na tuliambiwa mapema kwamba kuna kocha amekuja kutoka pwani, wa timu ya daraja la kwanza, timu ya taasisi ambayo haikuuzwa. Alikuwa anatafuta beki wa kati. Siyo mpira tu: ajira ya kudumu, nyumba ya kazi, matibabu, mafao ukistaafu. Mwaka ule kazi ya namna hiyo ilikuwa kama kuokota ng'ombe barabarani. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilijua kabisa kwamba hakuna kocha mwingine atakayekuja.

Mshambuliaji wao alikuwa ameshacheza daraja la kwanza, na alihakikisha tunajua. Dakika za mwanzo aliniuliza, kwa sauti ya kusikika, "Mzee, umekuja na nauli ya kurudia?" Niliangalia kiuno. Akaja mara ya kwanza, nikamnyang'anya bila kumgusa. Akaja ya pili kwa kushoto, nikamkuta. Ya tatu alijaribu kunikimbia kwa nyuma na mpira wa juu, na upepo ukaurudisha mpira pale nilipokuwa nimesimama namngojea. Niliupokea kifuani, nikautembeza kama mtu anayetoka kanisani. Uwanja mzima ulisimama. Kipindi cha pili, kipa wetu alitoka vibaya na goli likabaki wazi. Nilirudi nikaondoa mpira kwenye mstari kwa kichwa, nikagonga mwamba, nikasimama. Tulishinda moja bila. Mshambuliaji alinipa mkono mwishoni, akaniita kaka.

Kocha wa pwani alikuwa amekaa karibu na benchi letu, mtu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilimwona akimuuliza mfadhili swali, nikamwona mfadhili akijibu, na nikamwona akiandika. Nilikuwa na damu kwenye nyusi na nilikuwa na furaha. Halafu nikakumbuka ni nini anachoandika.

Siku iliyofuata nilipanda basi kwenda nyumbani Kibakwe na sukari na kitenge cha mama. Baba alikuwa na redio ya mkulima, ile ya betri kubwa, na nilijua michezo walitangaza. Nilimkuta anapanga vitunguu. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kupanga.

"Tumesikia timu yenu imeshinda," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Wamemsifia beki mmoja. Wamemtaja mara mbili. Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Nikamwambia beki huyo ni mimi. Nikamweleza leseni, goti, muhuri, meza, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupanga vitunguu.

"Huyo waliyemtaja ana baba yake," akasema. "Siyo mimi."

Mama alinipikia, nikala, nikarudi.

Juma lile lile kocha alifika Kibaigwa. Tulikutana ofisini kwa mfadhili, chumba chenye mizani na magunia mpaka darini. Tulikuwa wanne: kocha, mfadhili, yule shemeji na goti lake, na mimi. Fomu zilikuwa mezani, za usajili na za ajira, na mfadhili alikuwa ameshamjazia kocha jina, ukoo, mwaka, vyote kutoka kwenye leseni. Yule shemeji alitambulishwa kama binamu yangu. Palibaki mahali pa saini tu.

Nilishika kalamu. Shemeji aliona mkono wangu umesimama, akaninong'oneza.

"Chukua tu, ndugu yangu. Mimi hapa wote wananiita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Hilo la leseni hata silitumii."

Alinipa kwa moyo mweupe, na ndiyo maana ilikuwa ngumu. Nikawaza: kazi nitaifanya mimi, miaka thelathini, na mafao yatatoka kwa jina lake. Watoto wangu wataandikishwa shule kwa jina la mtu mwingine. Nikifa pwani watamwandika yeye msalabani. Na pembeni ya mawazo hayo lilikuwepo lingine, na huo ndio ukweli wangu: niliamini kwamba mimi ni beki mzuri kiasi kwamba karatasi haiwezi kunizuia. Yule kocha alikuwa ameniona kwa macho yake. Nilidhani nikimwambia ukweli, atachana fomu, atajaza nyingine na kunisaidia kupata ile barua. Kwa uwezo niliokuwa nao, angeacha kunichukua kwa sababu gani?

"Kocha," nikasema, "hili siyo jina langu."

Mfadhili akakohoa. Akasema kijana anatania, watu wa Kibakwe ndivyo walivyo. Mimi nikaendelea. Nikataja majina yangu matatu, kwa sauti, kama kwenye ukaguzi. Nikasema nani ameandikishwa na nani amecheza. Nikamwonyesha goti la mwenyewe. Nikamwambia, nakumbuka maneno yote, "Ulichokiona Dodoma ni mimi. Huyu hawezi hata kupanda ngazi."

Kocha alizifunga kalamu zake, moja moja.

"Ningekuchukua leo hii," akasema. "Ungesaini, ningekuchukua, na nisingejua kitu. Sasa nimejua. Nikinyamaza na mimi nimo."

Nikamwambia aninyamazie. Hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Mke wangu mwenyewe halijui. Mimi niliyetoka kutaja jina langu kwa kifua mbele, nilimwomba kocha asilitaje. Akatikisa kichwa, akanipa mkono, akamuaga mfadhili kwa heshima, akaondoka na fomu zake kwenye basi la saa saba.

Ripoti aliipeleka ofisi ya mpira. Tulinyang'anywa pointi za mechi zote nilizocheza, na kwa kuwa nilicheza zote, hapakubaki kitu. Timu ambayo niligonga mwamba ili kuizuia ndiyo iliyopanda. Mimi nilifungiwa miaka miwili, na kwa beki wa miaka ishirini na tisa hiyo ni sawa na kuzikwa na daluga zako. Shemeji naye alifungiwa miwili kwa kuazimisha leseni. Akacheka sana. Akasema atakata rufaa, maana goti lilikuwa limeanza kumpa matumaini.

Wapakiaji hawakucheka. Walisema nimewauza. Kwa miezi mingi nilipita sokoni na hakuna aliyeniangalia, na yule mwenye mtoto sijui alimwita nani baadaye. Mfadhili hakunitukana hata neno moja. Alinipita tu, kofia yake safi, kama anapita karibu na nguzo. Na yule kocha alikwenda Singida akachukua beki niliyemfahamu vizuri, kijana mwenye mbio na asiyejua upepo unatoka wapi. Ningemtia mfukoni na kumsahau humo. Amefanya kazi pwani mpaka amestaafu. Nasikia ana nyumba mbili. Mimi nina nne, lakini siyo hoja.

Hoja ni kwamba nilikuwa sahihi, na kuwa sahihi hakukunipa kitu. Watu wananiambia ungesaini tu, mbona wengi walifanya hivyo na wanaishi vizuri. Najua wengi walifanya. Baadhi yao naamkiana nao kila siku kwa majina ya kuazima. Wengine wananiambia ulifanya vyema, Mungu amekulipa kwa biashara. Hao nao wananiudhi. Biashara nimejilipa mwenyewe, kwa gunia moja moja, na siyo fidia ya kitu chochote. Niliuambia ulimwengu ukweli mara moja, kwa sababu ya kiburi, na nikajaribu kuurudisha dakika ileile. Sijui hesabu ya namna hiyo inaandikwaje.

Barua ya kufungiwa ilikuja imepigwa chapa, na nikaipeleka Kibakwe. Ilikuwa karatasi ya kwanza kutoka ofisi ya mpira yenye majina yangu yote matatu, la mwisho likiwa la baba yangu. Alivaa miwani, akaisoma taratibu mpaka chini, kwenye nakala kwa nani na nani. Nilikuwa nimesimama. Nilitaka aseme neno moja, lolote, hata la kunisema.

"Sasa hiyo miaka miwili utafanya nini?" akauliza.

Nikamwambia nitabaki Kibaigwa nifanye biashara.

"Biashara wanafanya watu wanaojua kunyamaza," akasema, akanirudishia karatasi yangu.

Amekufa ameniona nina lori la kwanza. Alilizunguka, akalipiga gurudumu teke dogo, akasema ni zuri. Kuhusu beki hakuwahi kusema, na sikumuuliza. Nimefika mbali kuliko mtu yeyote aliyetoka kwenye vilima vile, na kunyamaza sijajifunza mpaka leo.